Nilikutumia Pimamaji, Sikuja Mwenyewe

Baba,

Mvua imenyesha Donholm, tangi lako limejaa mpaka juu na halijainama hata kidogo. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mama amekihamishia kiti chako chumbani. Mimi, haki, bado najikuta nimeshika simu nikupigie. Ndiyo maana naandika. Kuna jambo nililokufanyia na sijalitaja kwa mtu yeyote.

Unaukumbuka ule mpira wako wa kupimia, ule mrefu unaoonyesha maji ndani? Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, maji yakitulia mnachora alama pande zote mbili. Nilipokuwa msichana nilishika ncha yangu mpaka mikono ikafa ganzi, nawe ukipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Tulia, mwaitu! Maji hayapendi haraka." Uliniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako.

Ulipoacha kazi ya ujenzi ukaanza kusimamisha nguzo za tangi nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa ulipiga simu: "Mwaitu, kesho uko? Njoo unishikie mpira." Na kila Ijumaa nilikuwa na sababu. Nangoja maji ya mfereji, nina mkutano wa chama, kichwa kinauma. Kutoka kwangu Pipeline hadi kwako Donholm, Baba! Hata kwa miguu mtu anafika.

Siku moja nikiwa Eastleigh nikaiona pimamaji ndogo, urefu wa kiganja, kiputo chake kikielea kwenye maji ya kijani. Nikajiambia, hii haihitaji watu wawili. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo. Nikaituma kwa mtu wa bodaboda. Hata kukuletea sikukuletea.

Ulinipigia ukicheka. "Mwaitu, kiputo kimekaa katikati kabisa!" Ukawaonyesha majirani wote. Na tangu siku hiyo hukuniomba tena nije Jumamosi. Mimi nikafurahi. Acha niseme ukweli wangu, nilifurahi.

Mwezi uliopita niliichukua hiyo pimamaji nikatundika picha yako sebuleni. Ikanyooka vizuri. Nikajiona fundi, nikaenda nyuma kupima nguzo za tangi. Fundi wa bomba aliyekuwa pale alicheka mpaka akaketi chini. "Dada, hiyo ni ya rafu na picha. Kutoka nguzo hii hadi ile, utapotea. Hapo ni mpira tu."

Nikamwuliza mama, sasa mzee alipimaje peke yake? Mama akaniambia ulifunga ncha moja kwa waya kwenye nguzo, ukaenda kushika nyingine, ukarudi kuangalia maji, ukaenda tena, ukarudi. Siku nzima. Na goti lako lile bovu! Alipokwambia uniite, ulimjibu, "Ameshanitumia kifaa. Nikimwita atadhani sikukipenda."

Ai, Baba. Ulijua tangu siku ya kwanza kwamba hakifai, ukanyamaza nisije nikaona haya. Nami nilikinunua ili usinihitaji. Hukutaka mpira ushikwe tu, waya ungeweza kuushika. Ulinitaka mimi, na nikakutumia kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nisamehe. Sijui kama huko mliko barua zinafika, lakini nisamehe.

Jana mama alinipigia. Anataka nije Jumamosi nimsaidie kukunja mashuka. Mashuka, Baba! Mwanamke huyu amekunja mashuka peke yake tangu nizaliwe. Neno "nina shughuli" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia nitafika asubuhi, aweke chai.

Pumzika sasa, mzee wangu. Nakuahidi mashuka ya nyumba hiyo tutayakunja wawili, hata yale nitakayoyakuta yamekunjwa tayari.

Mwende wako