Fyuzi Iliyovishwa Karatasi ya Sigara

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza nawe kwa neno jingine. Nakuandikia nikiwa na kichefuchefu. Nikimwona mwanao Hamisi amekaa kwenye kiti chako pale kibandani, mate yananijaa kinywani. Ptuu! Niwie radhi.

Wewe uliyetengeneza redio na amplifaya za Msambweni hii mpaka macho yakaingia kiwi, ulitufundisha sote wawili, mimi na kaka yangu. Ulikuwa ukiichomoa fyuzi iliyokatika, ukaielekeza kwenye mwanga, ukaniambia, "Tazama kioo, Mwanaidi. Kikiwa safi, huenda imechoka tu. Kikiwa cheusi, kuna shoti ndani, usitie nyingine mpaka uijue." Kisha ukaunga ile balbu yako kwenye waya wa stima, umeme upite kwenye balbu kwanza kabla ya kuingia kwenye mashine. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, ndiyo shoti hiyo, ulichomoa, ukaanza kufungua skrubu. Hamisi alikuwa akipiga miayo tu. Mimi nilikuwa napenda kuingoja ile balbu.

Sasa sikiliza alichokufanyia.

Kwenye hitma ya arobaini yako tulitoa amplifaya ya nyumbani, wale waliokaa uani nao wasikie kisomo. Katikati ya Yasini ikanyamaza. Hamisi akachomoa fyuzi. Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa, nikaiona, nyeusi tii! Nikamwambia, "Kaka, usiirudishe, tazama kioo." Akanijibu mbele za watu, "Wee, rudi jikoni." Akamwomba mjomba pakiti ya sigara, akabandua ile karatasi ya ndani inayong'aa, akaivisha fyuzi, umeme upite bila kukatika, akairudisha. Sauti ikarudi. Wazee wakasema, "Mashaallah, fundi hajafa." Hajafa! Baba, nilitamani sinia lile limwangukie kichwani.

Dua haijaisha, moshi. Ile harufu ya transfoma inayoungua unaijua wewe, inakaa kooni siku nzima. Pazia likashika moto. Wakachomoa waya, wakalivuta pazia chini, wakalimwagia maji ya kutawadhia. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Baada ya chakula mwanao akasimama, pilau ya hitma yako bado iko kwenye meno yake, akasema, "Mashine hii mzee aliifunga vibaya. Macho yalikuwa yamemwisha." Hakuona haya! Na Mama akainamisha kichwa. Hilo nalo lilinichukiza, sitakuficha.

Ningeweza kumeza hayo, ingekuwa ni jina lako tu. Lakini tangu ufe watu wanamletea Hamisi vyombo vyao. Juzi nikaenda kwa Bi Riziki, jirani yetu, nikaomba kuifungua redio aliyotengenezewa. Karatasi ya sigara. Na redio hiyo iko kando ya kitanda cha mamake, yule asiyeweza kuinuka. Nikaitoa karatasi, nikamwambia asiiwashe redio mpaka niirudie na balbu. Nyumba ya pili, vilevile. Anawalaza watu na moto, kisha anapokea shukrani zao, astaghfirullahi!

Hamisi akapata habari, akaja kunifokea ati namharibia riziki yake. Mama naye akasema nikizidi kumwaibisha mwanawe kwa majirani, nisirudi kulala kwake. Nilimsikia, nikaenda kulala. Usingizi haukuja. Nikinyamaza, kuna watu wataungua majumbani mwao. Nikisema, sina mama. Nililia sana, Baba, na nilikuita.

Asubuhi hii nikaanza kufunga nguo. Nilikuwa nafunga zipu ya kibegi Mama alipoingia, ameikumbatia redio yake ya chumbani. Akaiweka kitandani.

"Nifungulie hii," akasema.

Nikafungua. Karatasi imo, imekunjwa vizuri, inang'aa. Mama akaitazama. Akaketi. Akauliza, "Na mimi pia?" Akaniambia redio hiyo hulala nayo ikisema taratibu kichwani pake tangu uondoke, kwa sababu chumba ni kimya mno.

Akanyanyuka, akakifungua kibegi changu, akazimwaga nguo zote kitandani. Akaenda kibandani kwako. Nilimsikia Hamisi akiuliza maswali. Mama akarudi na bisibisi zako na ile balbu, akavitia ndani ya kibegi.

Mungu akulaze pema, Baba. Nakuahidi kila chombo alichokigusa Hamisi nitakifungua, hapa Msambweni na mpaka Bodo, na nikiulizwa ni nani aliyefanya uchafu huu nitamtaja kwa jina. Bado namwonea kinyaa, hilo usiniombe niliache leo.

Niache niende. Mama amekwisha vaa buibui, yuko mlangoni, anasema tuanzie kwa mamake Bi Riziki.

Binti yako,
Mwanaidi