Kioo cha Kaunta na Mshale wa Gari Jeupe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Geji, ndivyo ninavyoitwa kazini (la kitambulisho afande amelinakili pembeni). Umri: miaka 19. Kazi: kuosha na kujaza mafuta magari ya kukodisha. Makazi: chumba cha uani kwa dada yangu, nyuma ya yadi.

Afande, andika hili kwanza: duniani hakuna anayejua tanki kunishinda. Naligonga kwa kidole, nasikiliza, nakutajia lita. Shule niliishia la sita, lakini mainjinia wananiita niwasomee geji. (Afande ameniambia nifupishe.)

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alikuja mteja kutoka nchi jirani, ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege, na kibegi kimoja. Alisema kaka yake, fundi wa kuchomelea, ameungua kazini na amelazwa mji wa pili, mwendo wa saa tatu. Dada wa kaunta akamsomea masharti: gari unalichukua limejaa, unalirudisha limejaa, mafuta yakipungua unakatwa. Akatia saini akiwa amesimama. Mimi niliweka tiki penye "limejaa".

Nikamkabidhi gari jeupe. Mshale wa mafuta ulikuwa juu kabisa. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nipitie kituoni niongeze? Huko mbele sipajui."

Nikamjibu, "Braza, hilo limeshiba kuliko mimi. Kanyaga, usisimame popote."

Akacheka kidogo, akanipa mkono.

Jana tarehe 15, saa tano asubuhi, alilirudisha. Shati lilelile. Alisema gari lilimzimikia porini juzi saa nne asubuhi, mshale ukiwa bado juu. Alitembea kutafuta dumu la mafuta, akafika hospitali saa tisa. Kaka yake alikuwa amekata roho saa saba, na muuguzi alisema muda wote alikuwa akiuliza, "Mdogo wangu hajafika?"

Dada wa kaunta akasema, "Pole sana, kaka. Ila Geji, hebu niangalizie mafuta."

Nikaingia, nikaipiga dashibodi mara mbili kwa kiganja, kama nilivyozoea. Mshale ukaanguka mpaka chini. Mteja alikuwa amesimama mlangoni pa gari. Akasema taratibu, "Kumbe ulikuwa unajua." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Dada akaandika kuwa mafuta yamepungua. Hapo ndipo mteja alipolirusha lile dumu alilorudi nalo, kioo cha kaunta kikavunjika. Hakumgusa mtu. Alikaa chini kwenye vigae akasubiri polisi.

Bosi amenituma niseme gari lilitoka limejaa na mteja ni mkorofi tu. Lakini mteja yuko mahabusu hapo nyuma, namsikia akikohoa, na mwili wa kaka yake unasafirishwa kesho. Hana mwingine wa kuusindikiza.

Sasa andika, afande, usinifupishe. Tarehe 13 nililijaza kweli. Jioni nikalitoa yadi kumzungusha mpenzi wangu, nikamdanganya kuwa ni langu. Tulizunguka sana. Asubuhi nikaukuta mshale juu, na nilijua huwa unakwama.

Haya nimeyasema mwenyewe, sikushikiwa fimbo. Natia saini kwamba asubuhi ile sikuipiga dashibodi.

Sahihi: Geji

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake saa nane na robo mchana, akayakubali. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliuliza kama mteja amekula.