Ati Armenia Ndiyo Likizo Yangu

Jumapili, 3 Agosti 2025. Malaz, Riyadh

Tunasafiri! Madam ametangaza leo wakati wa chai. Si Dubai, si Uturuki — Armenia. Mimi nilidhani ni mtaa wa hapa hapa Riyadh. Metrine alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Mama Ashley, ni nchi nzima! Ina milima na baridi, kama kwetu tu." Yeye anapika, mimi nalea. Madam anasema watoto wanne hawawezi kubebwa na mtu mmoja, kwa hivyo twende sote wawili.

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini Septemba. Wa Metrine vilevile, tulikuja ndege moja. Januari Ashley wangu anaanza chekechea. Nimemwambia ni mimi nitamshika mkono siku ya kwanza, si nyanyake. Ana miaka minne. Nilimwacha na miwili.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechoka. Masanduku saba. Nilikuwa namwogesha Jood, kitinda mimba wao, povu mpaka kwenye viwiko, simu yangu ikalia chumbani. Metrine akaja mlangoni: madam anataka zile namba sita zilizoingia kwa simu yako, ni mambo ya safari. Nchi hii kila kitu ni namba! Ukienda kliniki, namba. Ukisajili laini, namba. Nikamwambia dada, soma mwenyewe umpe. Nywila yangu anaijua.

Jioni amenipa sweta yake ya bluu, ile nzuri. Ati wewe ni mwembamba, huko kutakuumiza. Nikamuuliza yeye atavaa nini. Ati mafuta yake yanamtosha.

Jumamosi, 9 Agosti. Yerevan

Kwenye uwanja wa ndege bosi, mume wa madam, alitupatia pasipoti tushike wenyewe kwa foleni. Miaka miwili sijaiona yangu. Kwenye picha nilikuwa na mashavu! Tulipovuka tu akanyoosha mkono, tukazirudisha.

Huku maji yanatoka kwenye nguzo fupi za mawe kando ya barabara, unainama unakunywa bure, hakuna wa kukuuliza. Bibi mmoja mzee aliinuka kwenye kiti chake akaja kunishika rasta. Akasema maneno mengi. Kisha akanipa pichi mbili. Metrine: "Moja ya kichwa, moja ya nywele."

Jumapili, 10 Agosti

Leo Jumapili na nimeingia kanisani! Baada ya miaka miwili. Monasteri inaitwa Geghard, iko mwisho wa bonde, na nusu yake haikujengwa — imechimbwa ndani ya jabali. Nguzo, dari, kila kitu ni mlima uleule mmoja. Ndani kuna chemchemi inapita sakafuni. Anayetutembeza ni Arpi, Mwarmenia aliyezaliwa Aleppo, kwa hivyo Kiarabu chake ni kizuri na hata mimi nafuata. Alisema watu wa zamani walianza kuchimba kutoka juu, wakashuka. Nikawaza, ukikosea hapo unarudisha vipi jiwe?

Kuta zimejaa misalaba ya kuchongwa, midogo midogo, imesukwa kama vile vitambaa vya viti anavyoshona mama kwa krosheti. Wanawake watano waliimba bila ala. Sauti ilikaa kwenye jiwe hata baada ya midomo kufungwa. Madam alisimama mlangoni na abaya yake, akapangusa macho, akajifanya anatafuta simu.

Sisi wa kanisa la Friends hatuna mambo ya mishumaa. Nimewasha hata hivyo. Mmoja wa Ashley. Unausimamisha kwenye mchanga wenye maji, unauacha. Metrine amewasha miwili, ya Elly na Carol, watoto wake. Kisha akawasha wa tatu. Nikamuuliza huo ni wa nani, akasema ni wako, mdogo wangu. Nikamkumbatia pale pale.

Jumatatu, 11 Agosti

Khor Virap. Kilima kidogo, juu yake monasteri, na nyuma yake mlima Ararati — ule wa safina ya Nuhu, kweli kweli, theluji kichwani mwezi wa nane! Arpi akasema ni mlima wao lakini uko ng'ambo ya mpaka, nchi ya wengine. Wanauona kila asubuhi na kuufikia ni kazi. Nina mtoto wa kwenye simu, najua.

Kuna shimo. Zamani mfalme alimtupa mtakatifu mmoja humo miaka kumi na mitatu, akawa hai kwa sababu mjane fulani alimdondoshea mkate. Ngazi ni ya chuma, imesimama wima. Nilishuka, Metrine nyuma yangu akilalamika juu ya makalio yake na tundu. Chini ni joto, ukuta una masizi. Metrine: "Miaka kumi na mitatu! Huyu kafili wake, bosi wake, alikuwa mbaya." Tukacheka mpaka Mrusi mmoja akatunyamazisha.

Nilipiga picha kumi na nane za Ararati. Nimezituma zote. Mama ameandika: Ashley anauliza huo mlima mama anaukalia?

Jumanne, 12 Agosti

Noravank. Majabali mekundu kama udongo wa kwetu Malava. Kanisa la ghorofa mbili, na ngazi za kupandia ziko nje ukutani, jiwe moja moja, hazina pa kushika. Watu wanapanda kwa magoti. Nilipanda, nikashuka kinyumenyume, Jood analia chini mikononi mwa Metrine. Nina furaha. Naiandika ili niikumbuke — leo nilikuwa na furaha.

Jumatano, 13 Agosti. Goris

Sijui nianzie wapi.

Tatev iko ng'ambo ya korongo. Unapelekwa na gari la kwenye waya, kijumba cha vioo, dakika kumi na mbili juu ya shimo ambalo mto wake unaonekana kama uzi. Jood alikuwa mgongoni kwangu. Madam alikuwa na moyo mweupe leo, akaniegemea begani, akasema kwa Kiarabu, polepole ili nielewe: Eda — ndivyo anavyolitamka jina langu — mama yangu atakupenda. Jeddah kuna bahari. Miaka miwili ni kitu kidogo, utaona.

Nikasema, miaka gani, madam?

Akacheka. Mkataba mpya! Ule ulioukubali kabla hatujasafiri. Metrine aliniambia unaona haya kusema mwenyewe, lakini umekubali, na namba za kuthibitisha ukatuma. Halas, imeshapita. Metrine nitamwacha aende kwao, wewe unaenda kwa mama, magoti yake hayafai tena.

Nilimtazama Metrine. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anaangalia chini.

Namba sita. Mimi mwenyewe, na povu mikononi!

Tukafika. Monasteri ni kubwa, imekaa ukingoni kabisa, ndege wanapita chini yako. Sikuona vizuri. Wengine wakaenda na Arpi, mimi nikamvuta Metrine kwenye chumba walimokuwa wakikamulia mafuta zamani, kuna jiwe kubwa la mviringo. Nikamwambia: dada, niangalie.

Akasema madam alimwita peke yake jikoni. Mmoja lazima abaki kwa ajili ya yule mama. Akamuuliza, kati yenu nani? "Ningesema nini, Eddah? Ningesema mimi?"

Ungesema tuulizwe sote.

"Ashley ana miaka minne. Mtoto wa miaka minne husahau, utarudi atakuzoea kwa wiki moja. Elly ana kumi na saba. Carol hanipokelei simu. Hao hawasahau, Eddah! Nikikaa miwili mingine sina watoto."

Kwa hivyo ukampima mtoto wangu na wa kwako.

Akalia. Alilia kweli, kamasi na kila kitu, akasema aki nisamehe, nilitaka kukuambia kule Geghard. Kumbe ndiyo maana ya mshumaa. Nilivua ile sweta nikaiweka juu ya jiwe. Kulikuwa na upepo. Nikatoka hivyo hivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi nimeongea na madam, wakati watoto wanakula. Nimesema kwa heshima, lakini nimesema: madam, mimi sikukubali. Mimi narudi kwetu Septemba. Mtoto wangu anaanza shule.

Kijiko kikasimama. Kwanza hakuamini. Nani alituma namba, basi? Metrine alikuwa amesimama hapo na birika la chai, rangi imemtoka. Ningeweza. Neno moja tu! Nikajua pia madam akikasirika hamwachi mtu, atatubakiza sote wawili na kutafuta wa tatu. Nikasema simu ilikuwa mezani, sijui.

Madam akasema: sasa mimi nifanye nini? Imeshaingia serikalini. Na hii safari je, Eda? Mkataba unasema likizo baada ya miaka miwili. Hii ndiyo likizo yako! Nimekupandisha ndege, umelala hoteli, umeona makanisa yenu. Mwenzako gani ameonyeshwa haya?

Likizo. Nimembeba Jood kila ngazi ya nchi hii.

Ajabu ni kwamba alikuwa ameumia. Macho yake yalisema hivyo. Anadhani ni mimi nimemgeuka. Bosi akasema yalla, basi linangoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Ziwa Sevan. Makanisa mawili meusi juu ya kilima. Ngazi nyingi. Sikupiga picha.

Metrine amenichambulia samaki akaweka kwenye sahani yangu. Nimempa Jood.

Jumanne, 26 Agosti. Al-Mahjar, Jeddah

Nimeletwa. Wamenishusha na sanduku langu, Jood akalia amenishika shingo, ikabidi madam anivue yeye kama shati. Nimelia pia. Mtoto hana kosa.

Mama wa madam anaitwa Hajja. Si mbaya. Anaita kila dakika tano, anataka mto, hataki mto. Jasho la hapa ni kama kuvaa nguo mbichi. Bahari sijaiona.

Nyumbani sijasema. Mama akiuliza nasema bado napanga.

Jumamosi, 20 Septemba

Dalmas ni dereva wa nyumba hii, mtu wa Siaya, maneno mengi. Leo tumempeleka Hajja kwa daktari wa magoti, tukangoja kwenye gari, nikamwambia yote. Akapiga usukani. "Sistee! Na unakaa tu hivyo?" Anasema kuna ofisi ya kazi, unapeleka malalamiko, mwenzake aliwahi kushinda kesi kama hii. Lakini watauliza kitu kimoja: nani alisoma namba? Huyo mtu aseme kwa mdomo wake, kwa video, jina lake na namba ya ikama, kile kibali chake cha kukaa huku. Bila hiyo ni maneno yako tu, na kwenye kompyuta wewe umekubali.

Nikasema huyo bado yuko Riyadh. Akijitokeza sasa watamzuia.

"Sasa unamhurumia?"

Simhurumii. Nataka aseme. Wiki moja na nusu atakuwa kwao, hakuna wa kumzuia. Nitangoja.

Jumatano, 1 Oktoba

Metrine alipanda ndege jana. Hakuniaga. Siku zangu za mkataba wa kwanza zimeisha jana hiyohiyo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hajja amelala adhuhuri. Nimepiga simu ya video nyumbani, na nani ananipokelea? Metrine! Amekaa kwenye kochi la mama. Ametoka kwake asubuhi, akapanda gari mbili kuja Malava, na mkate, na sukari, na gauni la Ashley. Ashley yuko mapajani mwake. Mapajani! Amelivaa, anazungusha pindo.

Mama akaingiza kichwa kwenye simu: "Mwanangu, huyu ndiye dada! Wangapi wanarudi wakakumbuka watoto wa wenzao? Ametuambia umeamua kuongeza muda kidogo. Ungetuambia tu, sisi hatungekasirika."

Umeamua!

Nikasema mama, keti hapo hapo, usiondoke. Nikasema Metrine, sikutukani, na sikuombei mabaya. Umefika, nashukuru Mungu umefika. Kuna ofisi hapa. Dalmas ameshajua mlango wake. Wanataka sentensi moja tu, nani alisoma zile namba na kama mimi nilikubali. Mwambie mama kwanza. Halafu useme tena, jina lako na ikama yako, nami nirekodi.

Mama anauliza namba gani. Anamwangalia yeye, ananiangalia mimi.

Metrine amemshusha Ashley polepole, amemnyoosha kola. Nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari na nimemwambia sikati, nina saa nzima kabla Hajja hajaamka. Naandika huku namwona. Ashley anamvuta mkono, ati shangazi, mbona huongei? Mama ameondoa lesso mabegani, amekaa mbele yake. Metrine amefungua mdomo —