Ua la Safi: Liende Ulaya au Kaburini?

Mama Scholastique, wewe unayewajibu watu gazetini,

Mimi ni mjane wa hapa Kindu, upande wa Kasuku, na nilisoma kidogo tu kwa masista, basi unisamehe maneno yasipokaa sawa. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ambaye ningemuuliza hapa yumo ndani ya jambo lenyewe.

Marehemu mume wangu Zéphirin alitunza bustani ya Madame Hélène, mke wa Monsieur Roger wa ghala za reli. Madame alizaliwa Gent, kwao Ubelgiji, na kuna mmea mmoja anaoupenda kupita kiasi, unaitwa hosta, wazee wa kwao wanauita funkia, ni majani mapana yanayotoka ardhini bila shina, mengine ya kijani, mengine rangi ya moshi, na maua yake ni madogo tu, lakini Madame alitueleza kwamba mmea huo ulitoka Japani na China, ukafika Gent kwa meli zamani za babu wa babu yake, na tangu hapo kuna watu kule ambao kazi yao ya moyo ni kuchukua vumbi la ua hili na kulipaka kwenye ua lile ili mbegu zitoe jani ambalo bado halijaonekana, na anayepata jani jipya hulipa jina, jina la mke au la mama yake, na mmea unagawanywa kwa marafiki pamoja na jina lake. Zéphirin alicheka sana siku ile. Alisema, "Madame, kwa hiyo mama ya mutu anaota kila mwaka?" Madame naye akacheka.

Hosta alizoleta zilikufa moja moja, kwa sababu hapa Kindu hakuna baridi, na mmea huo usipopata baridi haulali, na usipolala unachoka, kila mara unatoa majani madogo zaidi mpaka unakwisha. Zilipobaki mbili Madame aliamua kuzilaza kiangazi ndani ya frigo yake ya petroli. Monsieur Roger alirudi kazini akafungua mlango, akapiga kelele, "Zéphirin! Bia yangu iko wapi?" Mume wangu akajibu, "Iko inje, Monsieur. Ndani kuna wagonjwa wanalala." Jioni hizo alirudi nyumbani akinisimulia huku akila, na mchuzi ulipoa.

Mojawapo ya hizo mbili ilikuwa na jani la rangi ya moshi, nyingine ina ua jeupe linalonukia, na Zéphirin na Madame walizioanisha kwa unyoya wa kuku, wakafunga ua kwa uzi ili nyuki wasiharibu kazi, wakapanda mbegu, na karibu miche yote ikawa ya kijani tu, ya kutupa. Mmoja ukatoka na jani la moshi, na ulipokua ukatoa ua lenye harufu. Madame alikaa chini kwenye udongo akalia. Mume wangu alikuja kunichukua nyumbani nikiwa na unga mikononi ili nikanuse.

Sasa nikuambie lililo zito. Tulikuwa na mtoto wa kike, Safi, alikufa kwa surua kabla hajaanza shule. Tangu tulipomzika sikuwahi kulitaja jina lake tena, mdomo wangu unakataa, na Zéphirin alilijua hilo. Siku ile ya kunusa aliinama sikioni mwangu akasema, "Huyu ni Safi." Hakumwambia Madame. Alisema nitamwambia mimi mwenyewe siku nitakayoweza.

Zéphirin alifariki mwanzo wa mvua, tumbo lilimuuma, na mambo yakaenda haraka. Baada ya maziko nilikwenda kuuchukua mche ukiwa katika mkebe wake, Madame hakunizuia, na tangu hapo ninao mlangoni.

Kiangazi kikianza tutamaliza kilio. Shemeji yangu Kalume atakuja kutoka Tunda, na katika ukoo wao kitu alichokipanda marehemu kwa mkono wake hupandwa upande wa kichwa kaburini siku hiyo. Amekwisha kuniambia, "Shemeji, ile maua njo ya ndugu yangu. Wazungu walikula jasho yake yote, sasa wabebe hata maua?" Na anasema kweli.

Lakini kiangazi hicho hicho Madame anarudi Ulaya na hatarudi tena, na frigo inaondoka pamoja naye. Amekuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha Zéphirin bila kujua ni chake, akanishika mikono: "Victorine, hapa itakufa. Kwetu italala vizuri, itaishi kuliko sisi." Aliposimama akasema amekwisha kupata jina la kuipa, Kumbukumbu ya Kindu. Nilimwambia, "Ndiyo, Madame."

Nikiupanda kaburini utakufa juani. Nikimpa Madame utaishi, lakini kwa jina ambalo si lake. Kuugawa haiwezekani, una kichwa kimoja tu. Usiku nauwekea kitambaa cha maji, asubuhi naona jani limepungua. Mama, nifanye nini?

Mimi Victorine, mjane wa Zéphirin, Kindu.

JIBU

Victorine, pole. Pole kwa mume, na pole kwa mtoto, ambaye naona hukupewa pole yake yote kwa sababu ulifunga mlango kabla watu hawajaingia.

Sasa nisikilize. Umeniuliza kaburini au Ulaya, na hilo wala si swali gumu. Mmea hauwezi kuishi Kindu, umeandika mwenyewe. Kitambaa chako cha maji si baridi, ni kitambaa cha maji. Kila asubuhi unaangalia jani likipungua, na unataka niseme uendelee? Sisemi. Umekwisha kuwaangalia wawili wakiondoka, mtoto na baba yake. Huna deni la kumwangalia wa tatu.

Kwa Kalume usikimbie wala usijifiche nyuma ya Madame. Ana haki ya hasira yake, na desturi ya ukoo wake si mchezo. Lakini mume wako alikuwa mtu wa bustani, na wewe unataka niamini kwamba maisha yake yote alipanda kitu kimoja? Kalume akifika, mpeleke nyuma ya nyumba, umwonyeshe kila kilichopandwa na ndugu yake, na yeye mwenyewe achague kinachostahimili jua. Kiwe mchungwa, kiwe muwa, ni juu yake. Atake kitu kitakachomwekea ndugu yake kivuli, si kitu kitakachokauka kabla wageni hawajamaliza chakula. Mwambie hivyo, kwa heshima, mbele ya wazee waliokuja naye.

Na Madame. Hapa nakugombeza, mama. Yule mwanamke si mwizi, lakini umemfanya awe mwizi kwa kunyamaza. Atajuaje? Amefiwa na mwenzake wa kazi, anatafuta jina, anaokota lililo karibu. Wewe unalo la kweli na umekaa nalo kinywani. Usimtume mtu. Usimwandikie barua kama ulivyoniandikia mimi, maana naona kwa kalamu huogopi. Mume wako alikuachia kazi moja tu, na haiwezi kufanywa na mwingine.

Basi fanya hivi. Nenda kwake mapema, kabla vitu havijafungwa masandukuni, wakati frigo bado inafanya kazi. Beba mkebe mwenyewe. Akitaka kuupokea, usiuachie bado. Sema: "Mtoto wangu aliitwa Safi. Baba yake aliupa mmea huu jina lake." Utalia. Lia, lakini maliza maneno. Halafu aandike jina hilo kwenye kibao mbele ya macho yako, na la Zéphirin chini yake, kwa sababu unyoya wa kuku haukushikwa na mtu mmoja, na akuahidi kwamba kila atakayegawiwa kipande kule atagawiwa na majina hayo.

Akikubali, mwachie mkebe, nawe urudi nyumbani. Akikataa, rudi nao. Utakufa, Victorine, sikudanganyi, na utakufa mlangoni kwako. Lakini utakufa ukiitwa Safi, na wewe utakuwa umeliita.