Kinyago Hakitaki Ndevu

Pavia, 4 Machi 2019

Mdogo wangu Assunta,

Hujambo wewe? Mbuzi je? Na kaka Bruno, kifua kimetulia? Mimi mzima kama chuma, sijaogopa hapa hata kidogo.

Uongo. Walipoleta kinyago nilimng'ang'ania muuguzi mkono mpaka akasema, "Babu, niachie, nina mchumba."

Ule uvimbe wa gegedu waliutoa kupitia puani, lakini kipande kimebaki kwenye kitako cha fuvu, kimejibanza kando ya mshipa wa fahamu wa jicho. Ndiyo maana nakuandikia jicho moja nimeliziba. Nikifungua yote mawili, kila kitu ni pacha, na Assunta mmoja ananitosha. Sasa watakichoma kwa miale, mara thelathini na tano. Kinyago ni plastiki ya matundu. Waliikandamiza usoni ikiwa laini, ikaganda na sura yangu, na kila siku wataifunga mezani kwa skrubu nisitikisike. Daktari Zanella, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sajini, kasema: "Usinenepe, usikonde, usifuge ndevu. Kinyago kisipokaa sawasawa, mwale unaweza kukupofusha."

Kwa hiyo usitume soseji. Tuma moja tu.

Kaka yako, Saverio

*

Kijijini, 19 Machi

Kaka Saverio,

Tunashukuru tunapumua. Mbuzi wawili wamezaa. Bruno anakusalimu, amelala.

Unanyoa kila asubuhi? Wembe unao? Kinyozi yupo? Niahidi utanyoa mpaka mwale wa mwisho, likitokea lolote. Usipige simu, imeharibika.

Mdogo wako, Assunta

*

Pavia, 2 Aprili

Assunta,

Sikuulizi hali, maana hujibu. Nimeshapigwa miale kumi na tano. Nikiwa chini ya kile kinyago siwezi hata kumeza mate vizuri, basi nawaza.

Umeniuliza ndevu mara tatu, jicho hukuuliza hata mara moja. Na Bruno, ambaye hajawahi kuacha barua yako iondoke bila kunitukana pembeni kwa penseli, safari hii kimya. Hata "punda" tu kashindwa kuandika?

Niambie.

Saverio

*

Kijijini, 9 Aprili

Kaka yangu,

Nisamehe. Bruno alifariki tarehe kumi na saba Machi, asubuhi, akisubiri kahawa. Tumemzika karibu na mama.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Baba alipokufa ulishika ile ada yetu ya msiba, ukagoma kushika wembe siku arobaini, ukafunga ndoa na Teresa ukiwa kama dubu. Wanaume wote wa ukoo wana ndevu sasa. Nikajisemea, Saverio akijua tu, atafuga, na jicho litakwenda. Nimeshazika mmoja. Nitukane, lakini nyoa.

Assunta

*

Pavia, 26 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini unalala, maana mimi silali.

Barua yako ilifika Ijumaa. Sikunyoa. Jumatatu nikaenda hivyo hivyo na ndevu za siku tatu, nikijua wazi. Wakajaribu kukifunga kinyago, kikagoma. Zanella akaja mwenyewe, akaniangalia kidevu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Kaka yangu. Umejuaje?"

"Wewe si wa kwanza kutoka kusini. Rudi chumbani. Mwale hauwashwi hivyo."

Siku mbili nilikaa kitandani nikibishana na Bruno, na wewe unajua hajawahi kunishinda kwa hoja, hunishinda kwa kelele. Safari hii hakupiga kelele. Siku ya tatu nikaomba wembe. Nilinyoa shavu moja, yule muuguzi mwenye mchumba akamalizia. Nililia, akasema ni povu limeniingia machoni. Mtoto mzuri.

Imebaki mitano. Bado naona pacha. Zanella anasema huenda itachukua miezi, huenda hali ikabaki hivi hivi, na aliposema hivyo sauti yake haikuwa ya sajini.

Lakini jicho halinitishi kama mlango wa kanisa letu. Jumapili ya kwanza nikirudi nitafika hapo nikiwa na uso laini kama yai, mbele ya binamu zetu wote wenye ndevu. Ulinidanganya wiki tatu, Assunta, kwa hiyo una deni langu dogo. Jumapili hiyo tangulia mlangoni, uwaambie kwamba ni wewe uliyeninyoa.

Kaka yako uliyebaki naye,
Saverio