Kibuyu Kinarudi, Sosi Inabaki

Kwako mke wangu wa zamani,

Simu umenifungia, kwa hivyo naandika hapa mtandaoni wazi, kila mtu asome. Unajua mimi sijawahi kuogopa watazamaji.

Jana ndugu yako Lemayian alikuja hapa Kitengela. Nilimkaribisha kwa chapati na nyama, maana shemeji ni shemeji hata kama ndoa imekufa. Akala, akapangusa mdomo, akasema, "Dada anataka kibuyu chake cha maziwa. Nitakipitia Jumamosi."

"Na mimi je? Amesemaje?"

"Amesema kibuyu tu, shemeji. Wewe hukutajwa."

Mimi! Mtu aliyefanya kazi jikoni kwa meli ya watalii, Wagiriki wakimwita kwa jina kutoka upande ule mwingine wa meli! Sawa, walikuwa wananiita nioshe sufuria. Lakini waliita.

Unakumbuka ile sosi? Niliibeba kichwani kutoka huko Ugiriki, pamoja na chupa ya mafuta ya zeituni niliyoificha ndani ya soksi. Jumapili yetu ya kwanza kwa hii nyumba nilikukalisha kwa stuli nikakufundisha kama profesa, mimi niliyeachia shule darasa la saba. Tango unalikwaruza, unalitia chumvi, unalikamua mpaka litoe maji yote. Kitunguu saumu unakiponda. Ndimu, minti, mafuta kidogo. Halafu yogati nzito. Hapo ukanikatiza.

"Hii ya duka ni maji ya chokaa, Shefu. Ngoja."

Ukaleta kibuyu chako, na ndani yake maziwa lala ya mama yako kutoka Oltepesi. Ukayamimina kwa kitambaa cheupe, tukayaning'iniza kwa mfereji yachuje maji mpaka jioni. Tukala na mbuzi choma. Sosi ilikuwa na moshi ndani! Haki ya Mungu, Ugiriki yote sijawahi kuonja kitu kama hiyo.

Baadaye nikachukua kibuyu nikioshe kwa sabuni. Ulinirukia kama chui.

"Ukitia sabuni hapo umeniua! Moshi ndio sabuni yetu."

Ukachoma ncha ya kile kijiti chenu cha olorien mpaka ikawa kaa jekundu, ukasugua kibuyu ndani. Mimi nikaanza kukuhubiria miti ya zeituni ya Ugiriki. Ukasema bila kuinua macho, "Hata hii ni zeituni, ya porini. Ulifikiri Mungu alipanda huko peke yake?"

Nilicheka, nikaendelea na hadithi yangu.

Siku ya kuondoka ulisema nyumba imejaa mdomo wangu, neno lako halina pahali pa kukaa. Haya. Na ni nani alikuwa anacheka hapo kwa stuli akishika mbavu, jirani? Sasa uko Namanga na huyo mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu amenyamaza kama mlango. Hongera. Mpikie sosi, akuambie "mm".

Leo nimeijaribu na yogati ya duka. Nimemaliza ndimu, nimemaliza minti. Ni chokaa. Nimeila nikiwa nimesimama, kwa sababu meza ya mtu mmoja ni kubwa sana.

Halafu nikakichukua kibuyu chako. Nikachemsha maji, nikashika sabuni ya vyombo. Nilitaka ukifungue huko kwako kinuke sabuni, moshi wa miaka yote uwe umeisha, ndio ujue vile mtu anasikia akifutwa. Nilikuwa nimeshainamisha sufuria.

Nikaiweka chini.

Kijiti chako kilikuwa bado nyuma ya jiko. Nimekichoma kwa gesi, nikasugua kibuyu ndani vile nilikuona ukifanya, kazi ambayo wanaume wa kwenu hawagusi. Moshi ulijaa mpaka kwa ngazi. Jirani akagonga akiuliza kama nachoma ploti ya watu. Nikamwambia naosha vyombo.

Lemayian atakipata Jumamosi kikiwa safi, na kitupu. Sosi sitii hata kijiko. Na huyo wako akinywa maziwa humo, akuulize ni mwanamke gani alikitia moshi mzuri namna hii, usinyamaze. Nitaje.

Olesere, kama mnavyoagana kwenu. Kwaheri yangu mimi imekataa kutoka.

Ni mimi mume wako wa zamani,
Shefu