Asubuhi Niliyomukimbiza Mama

Papa,

Mboga iko kwenye sufuria ndogo. Mama apewe dawa ya sukari akishakula. Usimuite tena "mwanariadha wangu", leo hatacheka.

Kosa njo langu. Alichoka kutembea njia ileile kila asubuhi, nikamuambia, "Leo tubadilishe, tukimbie kidogo." Akafunga kitenge, akakimbia vizuri kabisa. Jirani Mama Fanny alipotuona akapiga kelele: "Mama Ulrich anakimbia! Vita imefika!" Watu wakatoka na watoto mugongoni na magodoro kichwani. Mama aligeuka, akawaona, akakaa chini barabarani na kulia kama siku ile tulipokimbia vita mupaka kambi ya Katanika.

Sasa amejifunika shuka. Anasema, "Mutoto wangu, niache na sukari yangu." Lakini daktari alisema akiacha mazoezi anaweza kupoteza muguu.

~~Kesho tutajaribu kucheza muziki ndani ya nyumba.~~ Hapana. Sijui.

Miaka mitatu kwenye chuo cha michezo nilisoma namna ya kumufanya muntu apende kukimbia. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini na muntu aliyekwisha kukimbia vya kutosha.

Ulrich, mutoto wenu wa kwanza